Kabla ya Mkasi: Nilivyoshona Nguo za Mama Mkwe Zikawa Kwilti Tano

Msiba ukiingia nyumbani, ushauri haukosi. Utaelezwa bei ya jeneza, wapi pa kukodi hema na sufuria, nani ashike daftari la michango, kuni zitoke wapi. Kuhusu nguo za marehemu hakuna anayekuandaa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, na kwa miaka ya karibuni nashona zaidi kwilti, yale mablanketi ya vipande vinavyounganishwa kimoja kimoja. Mwaka jana nilishona kwilti kwa nguo za marehemu mama mkwe wangu, na tangu Desemba watu wananiletea mifuko ya nguo za wazazi wao waliofariki. Wengi wao wamekwisha kuzikata nyumbani ili kunipunguzia kazi. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya fundi yeyote atakayeshikishwa mfuko kama huo. Tafadhali msikate kwanza.

Mama alitutoka mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Tulimzika nyumbani Vihiga, juu kidogo ya Mbale, akiwa amevalia sare ya akina mama wa kanisa la Friends, lile lililoanzia Kaimosi mwaka 1902. Baada ya mazishi jamaa waliketi na nguo zikagawiwa kama ilivyo desturi kwetu. Makoti, sweta nzuri, viatu, mkoba wa kanisani, kila kitu kilikwenda kwa mtu wake mbele ya macho ya senge, dada yake baba mkwe. Zikabaki zile ambazo hakuna aliyetaka kuzivaa: magauni ya nyumbani yaliyopauka, leso, aproni, blauzi za zamani, fulana na leso za kampeni za miaka iliyopita, na mashuka ya pamba yaliyonunuliwa enzi za Kicomi, kile kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu kilichofungwa miaka ya 1990. Mmoja akasema zichomwe. Mwingine akasema apewe yeyote anayehitaji matambara ya kupanguza. Ndipo nikaziomba.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, Mama alikuja kwetu Mamboleo, hapa Kisumu, kuniangalia, akakaa nami hadi nikapata nguvu. Leso alizombebea mtoto mgongoni ndizo zilizokuwa pale sandukuni. Nisingeweza kuziona zikipanguza sakafu.

Senge alinikabidhi sanduku, lakini hakuniachilia hivi hivi. "Mke wetu," akasema, "hizi si zako peke yako. Siku utakayozigusa, watoto wake wote wajue." Ushauri huo mmoja uliniokoa kuliko ufundi wote nilio nao, maana kabla hata sijafungua sanduku, habari ilikuwa imeshafika kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp kwamba nakata nguo za Mama. Wifi mdogo akanipigia usiku kutoka Nairobi akilia. Kulikuwa na gauni la buluu lenye maua meupe alilomnunulia mamake kwa mshahara wake wa kwanza, na aliamini limekwisha kuwa vipande. Lilikuwa zima. Nililipiga picha nikamtumia usiku ule ule, na asubuhi yake nikaanza kazi upya kwa utaratibu ambao sasa ndio ninaoutumia kwa kila mteja.

Nilitandika mkeka sebuleni, nikatoa kila nguo, nikaipiga picha, nikaipa namba kwa kipande cha karatasi na pini, kisha nikazituma zote kikundini. Kila mtoto akasema ipi isiguswe, ipi ikatwe, na ipi ina kisa asichotaka kipotee. Zisizotajwa na yeyote nilizirudisha sandukuni, sikuzihesabu kuwa ruhusa. Jambo hili linachosha. Watu wanachelewa kujibu, wengine wanajibu kwa kulia, na wewe una chungu cha mboga jikoni. Lakini mgogoro wa nguo za marehemu hauishi ukiisha kuanza, na kila niliyemwona akigombana na ndugu zake kwa jambo hili aligombana kwa nguo moja tu.

Kulikuwa pia na hofu. Shemeji mkubwa hakuficha: kulala chini ya nguo za aliyekufa hakukumpendeza. Sikubishana naye. Nilimpelekea senge neno hilo, naye akaita mzee mmoja wa kanisa, wakaomba juu ya sanduku, na shemeji akaambiwa ana hiari ya kuchukua au kuacha. Alichukua. Hadi leo yake iko kabatini, imekunjwa, na sijawahi kumuuliza kwa nini. Fundi mwenzangu, ukipewa kazi hii, uliza mapema kama kuna mwenye hofu, na usimcheke.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kwilti moja kubwa ya kitanda cha futi 5 kwa 6. Wifi mkubwa, aliyeolewa Nakuru, ndiye aliyeuliza swali lililoubadilisha: "Itakaa kwa nani?" Watoto wa Mama ni watano. Kitu kimoja kizuri kwa watu watano ni ugomvi wa miaka. Tukakubaliana kila mtoto apate yake ndogo, ya kujifunika magotini au kulazia mtoto, inchi 45 kwa 54.

Kabla ya kufua, pekua mifuko. Kwenye aproni yake nilikuta bahasha ya sadaka, haijatiwa kitu bado, na leso ndogo ya mkono iliyofungwa sarafu pembeni. Niliketi chini. Mume wangu aliporudi nikampa ile leso ya mkono bila kuifungua, akaiweka kwenye mfuko wa shati lake, na hatukusema lolote hadi watoto walipolala.

Na kuna suala la harufu, ambalo mtu halikumbuki hadi limeshapita. Nguo ikishafuliwa, harufu ya mwenyewe imekwenda na hairudi. Waulize wenye nguo kabla hujatia maji. Sisi tuliiacha sweta moja ya kijani bila kufuliwa, tukaifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na mume wangu ndiye anayeitunza. Wapo wateja ambao nimewauliza swali hili wakanyamaza kwenye simu, kisha wakaniambia nisubiri kwanza. Nasubiri.

Baada ya hapo ndipo ufundi unapoanza. Nguo za mama wa umri wake ni mchanganyiko ambao hukuti dukani: leso za pamba, magauni ya poliesta, blauzi za krepu, lasi, fulana zinazovutika. Kitambaa cha duka kikiharibika unanunua mita nyingine. Hapa hakuna mita nyingine. Kwa hiyo nilichomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani wa kila nguo nikauchoma kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Pamba huungua na kutoa harufu ya karatasi, na jivu lake hubomoka kati ya vidole. Poliesta huyeyuka, hujikunyata, na huacha kidonge kigumu cheusi. Usiseme unajua kwa macho, hasa vitenge: siku hizi vingi vinavyouzwa kwa jina la waksi ni poliesta. Ukishajua, unajua na pasi. Pamba inavumilia pasi moto. Poliesta inataka pasi ya vuguvugu na kitambaa cha pamba juu yake, la sivyo inang'aa, inajikunja, na umeipoteza.

Rangi nilizipima kwa kitambaa cheupe kilicholowa, nikikibana juu ya nguo kwa pasi. Leso mbili nyekundu na gauni moja jeusi ziliacha alama. Watu hushauri chumvi na siki. Kwangu havikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuzifua peke yake kwa maji baridi, mengi, nikibadilisha hadi maji yakatoka meupe, na ile leso moja iliyokataa kabisa sikuiweka kwenye kwilti yoyote yenye kitambaa cheupe. Jirani yangu mmoja alipoteza kwilti nzima ya mtoto kwa leso nyekundu moja; ilipofuliwa mara ya kwanza ikageuka waridi kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna sabuni iliyoweza kuirudisha.

Kisha inua kila kitambaa dirishani dhidi ya mwanga. Mashuka ya Kicomi yalikuwa mazito pembeni, lakini katikati, pale mwili ulipolala miaka yote, yalionyesha vidole vyangu upande wa pili. Nikatumia kingo tu. Magauni nayo huchakaa makwapani na makalioni, wakati mbele na kwenye pindo la chini ni imara. Fulana na vitambaa vinavyovutika nilivibandikia nyuma kitambaa cha gundi, kile ambacho mafundi hukibandika kwa pasi ndani ya kola, ndipo nikavikata. Ukivikata bila kubandika vinajikunja na mraba hautoki mraba. Lasi niliilaza juu ya kipande cha pamba na kuzishona pamoja kama kitambaa kimoja. Sweta za kufumwa sikuzigusa. Uzi ukikatwa unafumuka, na sweta inafaa zaidi ikivaliwa.

Hesabu ya kukata niliifanya kwenye daftari la binti yangu, na naiweka hapa kwa sababu nimeulizwa sana. Kila kwilti ina miraba 30, mitano kwa sita, na kila mraba ukishashonwa ni inchi 9, hivyo unaukata inchi 9 na nusu. Nusu ya miraba, 15, inatoka kwenye nguo, na 15 ni ya kitambaa kimoja tulivu ili macho yapumzike kati ya maua na maua. Nilinunua kitambaa cha shuka, cha pamba, kile kipana cha inchi 90. Kila urefu wa inchi 50 ulinipa mgongo wa kwilti moja, inchi 50 kwa 58, na ule utepe wa inchi 32 uliobaki pembeni ukanitolea miraba 15 kamili, mitatu kwa mitano. Kwa kwilti tano hiyo ni inchi 250, yaani kama mita 6.35. Nilinunua mita 7 kwa sababu pamba hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa mara ya kwanza, na lazima uifue kabla ya kukata. Usiruke hatua hii. Kitambaa kipya kikirudi ndani ya kwilti iliyokwisha, kinaikunja nguo ya zamani ambayo ilishamaliza kurudi miaka 20 iliyopita.

Kipimo cha kukatia nilikatiwa na fundi wa vioo: mraba wa plastiki ngumu inayoonyesha upande wa pili. Kadibodi inalika pembeni, na isitoshe huoni ua gani linaingia katikati. Kwa nguo za kumbukumbu kuona ni muhimu. Aproni ya Mama ilikuwa na mfuko wa mbele alimokuwa akiweka peremende za wajukuu. Niliukata mfuko mzima pamoja na kitambaa chake, ukabaki mfuko ndani ya kwilti, na mtoto wangu wa mwisho huutia mkono kila tunapomfunika.

Leso zilinipa mawazo mengi kuliko kitu kingine. Leso ina pindo, ina mji, ile sehemu ya katikati, na ina jina lake, yale maneno ya chini. Ukikata miraba bila kufikiri unabaki na herufi zisizo na maana. Mama alikuwa na leso za kutosha, nyingine bado zina ile chapa ya Mali ya Abdulla ya Mombasa, kwa hiyo nilikata kila jina zima kama utepe, nikawaacha watoto wachague, na nikaushona utepe mgongoni mwa kila kwilti. Wifi mdogo alichukua "Nani kama mama." Shemeji wa mwisho, anayekaa pale bomani, alichukua "Wema hauozi." Chini ya jina nilidarizi kwa mkono jina la Mama na miaka yake. Mji na pindo ndivyo vilivyokatwa miraba.

Anza kukata nguo ambayo haikuumi. Mimi nilianza na leso za kampeni. Mkono ukishazoea, moyo unafuata kidogo. Hata hivyo siku ya magauni niliyomwona nayo jikoni nililia juu ya meza, na nikaacha hadi kesho yake. Usikate ukiwa umelia. Usikate usiku ukiwa umechoka. Kazi nyingine unaweza kuifumua, hii huwezi.

Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala. Cherehani yangu, Butterfly nyeusi ya miguu, iko chini ya dirisha la sebule, na meza ya kukatia ndiyo meza ya kulia. Kila jioni vipande vilipaswa kuondoka kabla ya ugali kuingia. Kilichonisaidia ni kufunika meza kwa kipande cha plaiwudi ambacho ninakiinua na vipande vyake juu na kukitelezesha chini ya kitanda. Mtoto wa miaka miwili na pini havikai nyumba moja, kwa hiyo nilinunua pini zenye vichwa vya rangi, na kila nikimaliza napitisha sumaku ya spika ya redio iliyokufa juu ya sakafu na mkeka. Binti mkubwa alipewa kazi ya kupanga miraba kwa namba, akaifanya kwa uangalifu ambao sikuutarajia, akiuliza kila mmoja guku, yaani nyanya yake, aliuvaa lini.

Joto la Kisumu nalo lina lake la kusema. Kushona miraba mchana unaweza. Lakini kwilti ikishatiwa blanketi ndani na kulala mapajani saa nane mchana, hutaweza. Nilihamishia kazi hiyo alfajiri, kuanzia watoto wanapomaliza uji na kuondoka hadi jua linapoanza kuchoma bati, basi. Alasiri ni ya kukata uzi, kupiga pasi na kupika. Stima ikipotea cherehani ya miguu haijali, lakini pasi inajali. Pasi ya makaa ninayo, na naiogopa, maana cheche moja au chembe ya masizi juu ya kitambaa cheupe inatosha. Kwa hiyo nilikuwa nashona safu nyingi kwanza, na tokeni zikiwepo na stima ikiwepo, napiga pasi zote kwa pamoja: safu ya kwanza mishono inalazwa kushoto, ya pili kulia, ili zikikutana zishikane bila kuvimba.

Mshono wa kwilti ni robo inchi, na robo inchi hiyo ni ya kuheshimiwa. Nilibandika plasta kwenye bamba la cherehani, kipimo cha robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kikawa kinatembea kando yake. Ukipotea hata moja ya kumi na sita ya inchi kwa kila mshono, mraba umepungua moja ya nane, na kwa miraba sita kwilti yako ni fupi kwa karibu robo tatu ya inchi. Safu moja ikipotea na nyingine isipotee, hazikutani tena.

Kwa kitu cha ndani kuna njia mbili hapa kwetu. Ile pamba nyepesi ya poliesta inayouzwa na wauza vifaa vya makochi inapendeza kwa wepesi wake, lakini lazima uipige mishono ya karibu karibu, vinginevyo inajikusanya ikifuliwa. Mimi nilikwenda soko la Kibuye siku ya Jumapili nikachagua mablanketi mepesi ya mitumba, nikayafua, nikayakata. Hayajikusanyi, hayahitaji mishono mingi, na yanatosha baridi ya Vihiga na ya Nakuru bila kumchemsha aliye Kisumu. Mgongo, blanketi na uso nilivitandaza sakafuni, mgongo ukiwa umenyooshwa na kubandikwa kwa plasta pembeni, kisha nikapiga bandi kwa mkono kwa mishono mirefu kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Magoti yanauma. Cherehani nikaitia sindano namba 16, nikaurefusha mshono, nikapunguza mkandamizo wa mguu unaobana kitambaa, na kushona mistari iliyonyooka nikianzia katikati tena. Ukianzia pembeni, mkunjo wote unakutana katikati na huna pa kuupeleka. Ukingo niliufunga kwa tepe za upana wa inchi 2 na nusu kutoka kwenye magauni ya mirabamiraba. Kila kwilti inakula karibu inchi 210 ukihesabu pembe na maungio.

Jioni nyingi mume wangu aliketi nami kupanga miraba. Mazishini hakulia. Hapo mezani, akiwa ameshika kipande cha gauni la njano, alianza kunieleza jinsi Mama alivyokuwa akimsindikiza hadi barabarani Gambogi siku za kufungua shule, na akaendelea kueleza hadi chai ikapoa. Kwilti yake aliipanga mwenyewe, na rangi zake nisingezipanga hivyo, lakini sikusogeza hata moja.

Gharama: kitambaa cha shuka mita 7 kwa KSh 450, jumla 3,150, mablanketi matano 1,500, kitambaa cha gundi 600, nyuzi na sindano 500, kipimo cha plastiki 250. Hiyo ni KSh 6,000 bila nauli za matatu. Gharama kubwa ilikuwa muda. Msimu wa sare za shule ulipita nikiwa na nguo za Mama mezani, na oda kadhaa niliziachia fundi mwingine. Tuliusikia upungufu huo jikoni. Wifi mkubwa aliliona, akawahimiza wenzake, na kila mmoja akatuma chochote kwa M-Pesa. Ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu kama tungelizungumza hilo siku ile ya sanduku, kwa sababu kudai pesa kwa kazi ya mama yenu katikati ya majonzi ni kugumu mno. Familia inayotaka kazi hii ipange nani analipa nini kabla ya kitambaa kununuliwa, hata fundi akiwa ni mke wa nyumbani.

Desemba, watu waliporudi nyumbani, nilizigawa pale Vihiga baada ya chakula. Senge hakupangiwa yake kwa sababu hesabu ilikuwa ya watoto, lakini nilimtengenezea mfuniko wa mto kutoka kwenye mabaki, na aliushika mapajani mchana kutwa.

Sasa kwenye plaiwudi yangu kuna mashati na tai za baba wa watu wa Luanda, kule Vihiga. Tai zinakatwa mshazari, kwa hiyo zinavutika, na nyingi ni poliesta. Zote nazibandikia gundi kwanza. Pembeni kuna kwilti ya vitenge ya mtoto wa jirani, kazi nyepesi ninayoirudia siku ambazo mashati ya yule mzee yananilemea, kwa sababu hata nguo za nisiyemjua zina uzito wake. Binti yangu naye anataka ya kwenda nayo bweni, na inabidi kwanza tuone shule inaruhusu blanketi la rangi gani.

Kwilti ya ukubwa ule wa inchi 45 kwa 54 naishona kwa KSh 9,000, nusu mwanzoni, vifaa vikiwa juu yangu. Leteni nguo zikiwa nzima, na vifungo vyake, mifuko haijapekuliwa na mtu asiye wa familia. Zisizofuliwa zileteni hivyo hivyo, tutazungumza. Njooni na majina ya wote wanaohusika na namba ya simu ya yule mmoja ambaye mnaogopa kumuuliza, maana huyo ndiye nitakayempigia kwanza. Nafasi za kabla ya Pasaka zimejaa. Napokea tena baada ya shule kufunguliwa, sare zikishatoka mezani.